Barema na Mfuko: Historia ya Mshahara wa Mtumishi wa Leta, kutoka Élisabethville hadi Kampemba

Kila serikali iliyotawala Kongo tangu ukoloni imewahi kupandisha mishahara ya watumishi wake, na mara nyingi watumishi hao wameishia kununua vichache kuliko walivyonunua mwanzo. Ubahili wa mawaziri hautoshi kulieleza jambo hili, wala uvivu wa makarani hauhusiki. Ili kulielewa inabidi kuifuata barema yenyewe, yaani lile jedwali linalopanga vyeo kutoka kwa tarishi hadi kwa katibu mkuu na kuandika kiasi mbele ya kila cheo, na kutazama yaliyoipata kila iliposahihishwa. Mkazi wa Kampemba, komini ya Lubumbashi, ana sababu ya kuifahamu historia hii hata kama hajawahi kuajiriwa na Leta, yaani serikali. Walimu wa Bel-Air na Bongonga, wauguzi, polisi wa barabarani na makarani wa komini wote wamo ndani ya jedwali linaloandikwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi, na lisipowatosha, nyongeza hutoka mfukoni mwa jirani zao.

Kati ya tarakimu ya barema na mfuko wa mtumishi kuna vizuizi vitatu: thamani ya pesa yenyewe, orodha ya wanaolipwa, na marupurupu ambayo watu wa Lubumbashi huyaita primi. Marekebisho yaliyogusa tarakimu na kuviacha vizuizi hivyo kama vilivyo yalikufa ndani ya miaka michache, na yale machache yaliyodumu yaliambatana na pesa imara na mapato yanayojulikana chanzo chake. Tena kila yaliposhindwa, gharama ya kumlisha mtumishi haikutoweka; ilihama kutoka hazina kwenda kwa raia. Uhamaji huo ndio uzi wa historia inayofuata.

1910–1945: Barema mbili chini ya bendera moja

Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na tangu siku za mwanzo mji ulikuwa na waajiri wawili wakubwa: kampuni na serikali ya kikoloni. Wote wawili waligawa wafanyakazi kwa rangi kabla ya kuwagawa kwa kazi. Ofisa wa Kizungu serikalini alikuwa na barema yake, pamoja na fidia ya kuishi mbali na kwao, nyumba na likizo ya kurudi Ubelgiji. Karani Mwafrika, hata kama ndiye aliyeandika barua na kutunza daftari la kodi, alihesabiwa kuwa msaidizi, akalipwa kwa jedwali jingine lililoishia chini kabisa ya pale jedwali la kwanza lilipoanzia. Kwa kampuni, sehemu kubwa ya malipo ya mfanyakazi ilikuwa posho: unga, nyama au samaki, mafuta na kuni, vilivyopimwa kwa ukubwa wa familia.

Posho ilikuwa na ubaya wake, kwa kuwa ilimfanya mtu mzima ategemee bakuli la mwajiri. Hata hivyo ilikuwa na kinga moja ambayo mshahara wa noti peke yake hauna: bei ya unga ilipopanda, kilo za unga hazikupungua. Vita Kuu ya Pili ilionyesha udhaifu wa sehemu iliyolipwa kwa pesa. Bei za nguo na bidhaa za kutoka nje zilipanda, mishahara ikabaki. Mwaka 1941 wafanyakazi wa Kizungu wa Union Minière waligoma kwanza wakasikilizwa. Wafanyakazi Waafrika walipofuata mwezi Desemba, umati uliokusanyika uwanjani Élisabethville tarehe 9 ulipigwa risasi mbele ya gavana wa jimbo, Amour Maron, na makumi ya watu wakafa. Waliouawa walikuwa watu wa kampuni, si wa serikali, lakini somo liliwafikia wote: mshahara unaobaki palepale wakati bei zinapanda umepunguzwa, hata kama hakuna amri iliyoandika neno hilo.

1946–1960: Jedwali moja, ghorofa mbili

Baada ya vita Wabelgiji walilegeza kamba kidogo. Mwaka 1946 Waafrika waliruhusiwa kuunda sendika, na makarani wa serikali wakapata chama chao, APIC, kilichodai jambo ambalo leo linaonekana la kawaida: mwenye cheo fulani alipwe kama mwingine mwenye cheo hicho. Serikali ilijibu kwa vyeti vya heshima, kama kadi ya sifa ya kiraia ya mwaka 1948, vilivyomtofautisha Mwafrika msomi na wenzake bila kumweka sawa na Mzungu. Cheti hakikununua unga, na madai yaliendelea.

Mwaka 1959, baada ya ghasia za Januari mjini Léopoldville, serikali ilikubali hatimaye kuwa na utaratibu mmoja wa utumishi kwa watu wote. Kwa maandishi yalikuwa mapinduzi: barema moja, makundi saba, hakuna tena neno la rangi. Kwa utekelezaji, makundi ya juu yalidai diploma ambazo shule za koloni zilikuwa zimewanyima Waafrika kwa miaka hamsini, kwa hiyo karibu Wakongo wote waliwekwa katika makundi ya mwisho. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa katika vyeo vya juu vya utawala walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Huu ulikuwa mfano wa kwanza wa kanuni iliyorudiwa mara nyingi baadaye, kwamba barema inaweza kusawazishwa huku mlango wa kuingilia ukibaki mwembamba, na anayeshika mlango ndiye anayeamua mshahara.

1960–1967: Jeshi lililosahauliwa na noti zilizochapwa

Wiki ya kwanza ya uhuru ilionyesha jinsi marekebisho ya mishahara yanavyoweza kuangusha dola. Wabunge wapya walijipitishia malipo ya faranga 500,000 kwa mwaka, jambo ambalo Waziri Mkuu Patrice Lumumba alilipinga. Serikali yake iliamua kuwaongezea watumishi wa umma, lakini askari wakaachwa nje. Tarehe 5 Julai 1960 askari wa Force Publique, jeshi lililorithiwa kutoka ukoloni, waliasi. Siku chache baadaye uasi ukafika Élisabethville. Lumumba alimpandisha kila askari cheo kimoja, lakini maofisa wa Kibelgiji walikuwa wameshaanza kukimbia, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Uasi ule haukutokana na mshahara peke yake, kwani askari walichoshwa pia na maofisa Wazungu waliowaambia kwamba uhuru hautabadili kitu. Hata hivyo kuachwa nje ya nyongeza ndiko kulikowapa sababu ambayo kila mmoja wao aliielewa.

Katika miaka miwili na nusu iliyofuata, nchi ilikuwa na hazina mbili. Katanga ya Tshombe ilipokea kodi na gawio la Union Minière, ikachapa faranga yake yenyewe, na iliweza kuwalipa watumishi na askari wake. Léopoldville, iliyopoteza mapato ya shaba, ilikuwa na vyeo vilivyoachwa wazi na Wabelgiji, ambavyo makarani wa jana walivipanda kwa haraka pamoja na mishahara yake. Kupanda huko kulikuwa haki iliyocheleweshwa, na haiwezekani kuwalaumu waliochukua nafasi walizonyimwa. Tatizo lilikuwa jinsi ya kuzilipia. Serikali ilichapa noti, bei zikapanda, watumishi wakagoma kudai nyongeza, nyongeza ikalipwa kwa noti nyingine. Novemba 1963, Katanga ikiwa imesharudishwa, faranga ilishushwa kutoka takriban 65 kwa dola hadi 150 na 180. Mtu aliyekuwa ameongezewa mshahara mara mbili tangu uhuru aliona nyongeza yake ikimezwa sokoni.

Hapa pingamizi moja linastahili kusikilizwa. Wapo wanaosema kipindi hiki kinathibitisha kwamba kupandisha mishahara ya serikali huleta mfumuko wa bei, hivyo busara ni kuizuia. Ushahidi wa Katanga unaonyesha picha pana zaidi. Mishahara ya upande wa Tshombe ililipwa kutokana na shaba, ile ya Léopoldville ililipwa kutokana na mtambo wa kuchapa. Nyongeza ya mshahara huleta hatari pale isipokuwa na chanzo cha mapato kinachoibeba, na kuizuia nyongeza bila kutafuta chanzo hicho ni kumwachia mtumishi atafute chake mwenyewe.

1967–1990: Zaire moja, dola mbili

Marekebisho yaliyokaribia kufaulu kuliko mengine yalifanyika tarehe 24 Juni 1967. Rais Mobutu, kwa msaada wa Shirika la Fedha la Kimataifa, alifuta faranga na kuleta zaire: zaire moja kwa faranga 1,000, sawa na dola mbili za Marekani. Union Minière ilikuwa imetaifishwa mwanzoni mwa mwaka huo, bei ya shaba ilikuwa nzuri, na nyongeza za mishahara zilipimwa kufuatana na bajeti. Kwa miaka kadhaa, mwalimu au karani wa Lubumbashi, kama mji ulivyoitwa kuanzia 1966, aliweza kupanga mwezi wake kwa mshahara wake. Kipindi hiki kifupi ni muhimu kwa hoja yetu kwa sababu kinakanusha dhana kwamba Leta ya Kongo haijawahi kuweza kuwalipa watu wake. Iliweza, masharti mawili yalipokutana: pesa iliyotunza thamani na mapato yaliyoingia hazina.

Sharti la pili lilivunjika kwanza. Novemba 1973 Mobutu alitwaa biashara za wageni na kuwagawia vigogo. Mwaka uliofuata bei ya shaba ilianza kuporomoka, ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Mwaka 1976 zaire ilishushwa kwa zaidi ya asilimia 40, na mwezi Mei mwaka huohuo Mobutu aliwaambia wananchi hadharani kwamba mwenye kuiba serikalini aibe kidogo na kwa akili. Maneno hayo yamekuwa yakitajwa kama kichekesho cha dikteta, lakini kwa mwanahistoria wa mishahara ni tamko la sera. Serikali iliyojua kwamba barema yake haimtoshi mtumishi ilimpa ruhusa ya kujazia kwa raia.

Sheria namba 81-003 ya tarehe 17 Julai 1981 ilipanga upya vyeo vya watumishi kwa umakini mkubwa. Ilikuwa sheria nzuri kwenye karatasi, na ilidumu miaka 35. Miaka miwili baada yake, Septemba 1983, zaire iliachwa ielee, ikaanguka kutoka takriban 6 hadi takriban 30 kwa dola. Wafadhili walidai matumizi ya mishahara yapunguzwe, na walimu wengi wakaondolewa kazini mwaka uliofuata. Ndipo ilipoundwa SECOPE, ofisi ya kukagua mishahara ya walimu, na orodha ikawa silaha. Kuanzia hapo, jambo la kwanza kwa mwalimu lilikuwa jina lake kuwemo katika mashine ya Kinshasa; kiasi cha mshahara kilikuja baadaye.

1990–2003: Mzazi anageuka hazina

Miaka ya 1990 iliua mshahara wa serikali bila kuufuta. Mfumuko wa bei ulifikia maelfu ya asilimia kwa mwaka. Tarehe 23 Septemba 1991 askari wenye hasira ya malipo walianza kupora Kinshasa, na mwezi uliofuata uporaji ulifika Lubumbashi, ukayaacha maduka na maghala matupu. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni tano, wafanyabiashara wakazikataa, na uporaji wa pili ukaanza. Oktoba mwaka huo ilikuja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Juni 1998, chini ya Laurent-Désiré Kabila, ilikuja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Ukizidisha, faranga moja ya 1998 ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za mwaka 1967. Hakuna barema inayoweza kuishi katika pesa ya namna hiyo. Mshahara wa mwalimu ulishuka hadi dola chache kwa mwezi, tena ukichelewa.

Lubumbashi iliumia mara mbili, kwa kuwa Gécamines, mrithi wa Union Minière, nayo ilianguka baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990. Kazi ya Leta na kazi ya kampuni, nguzo mbili za mji tangu 1910, zilikauka kwa pamoja, na mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Katika nyumba nyingi mke mwenye meza ya unga au makaa ndiye aliyelisha familia, na kazi ya mume ilibaki jina.

Shule ndizo zilizoonyesha wazi zaidi gharama ilivyohama. Migomo ya walimu ilizifunga shule kwa miezi mingi mwanzoni mwa muongo. Zilipofunguliwa, makubaliano kati ya maaskofu, wazazi na walimu yalikuwa kwamba wazazi watachangia malipo ya mwalimu kwa muda, hadi Leta itakapopata nguvu. Mpango huo wa muda ulidumu zaidi ya robo karne. Pesa za wazazi ziligawanywa, sehemu kwa mwalimu, sehemu kwa mkurugenzi wa shule, sehemu ikapanda hadi ofisi za juu za elimu, kwa hiyo zikawa na watetezi wengi ndani ya utawala wenyewe. Ofisi za komini, zahanati na vituo vya polisi vilikwenda njia hiyohiyo kwa majina mengine: gharama za fomu, pesa ya mafuta ya gari, matabishi. Wananchi waliuita utaratibu wote Kifungu cha 15, yaani jitafutie, na waliotumia jina hilo walijua kwamba hakuna katiba ya nchi iliyokuwa na kifungu chenye agizo hilo.

2004: Mbudi

Amani iliporudi kwa kiasi na serikali ya mpito ikaundwa, sendika za watumishi zilidai kitu ambacho hakijawahi kuwepo: barema iliyokubaliwa kwa mazungumzo. Februari 2004, huko Mbudi, pembezoni mwa Kinshasa, serikali na sendika walitia saini mapatano yaliyoweka tarishi, cheo cha chini kabisa, kwenye dola 208 kwa mwezi, na katibu mkuu, cheo cha juu kabisa, kwenye dola 2,080. Uwiano ulikuwa wa moja kwa kumi, na kiwango kingefikiwa kwa awamu. Mapatano haya yalifanya mambo mawili ya busara ambayo marekebisho yaliyotangulia hayakuyafanya. Yalipima mshahara kwa dola, ili kuufunga kwa kitu kisichoyeyuka, na yaliweka kikomo cha umbali kati ya wa chini na wa juu.

Lakini hayakutaja pesa itoke wapi. Awamu hazikukamilika, na neno Mbudi likageuka kuwa dai linalorudi katika kila mgomo wa walimu, madaktari na makarani kwa miaka ishirini. Serikali nazo zilijifunza kukwepa. Mishahara ilibaki imeandikwa kwa faranga, na bajeti ilitumia kiwango chake cha kubadilisha pesa, tofauti na kile cha mabadilishano ya mjini. Faranga ilipotulia karibu 920 kwa dola hadi mwaka 2015, tofauti haikuuma. Ilipoteleza hadi karibu 1,600 mwishoni mwa 2017, mshahara wa faranga 92,000, uliokuwa dola 100, ukabaki dola 57 na ushei. Hakuna waziri aliyetia saini punguzo hilo, kama vile hakuna aliyelitia saini mwaka 1941.

2011–2018: Benki, orodha na primi

Kuanzia mwaka 2011 serikali ilianza kulipa mishahara kupitia benki, kazi iliyoendelezwa na Waziri Mkuu Matata Ponyo kuanzia 2012. Kabla ya hapo noti zilisafiri katika magunia kutoka mkono hadi mkono, na kila mkono ulipunguza. Benki zilikata mnyororo huo kwa kiasi kikubwa, na kwa miji kama Lubumbashi, yenye benki za kutosha, faida ilionekana mapema. Haya yalikuwa mageuzi halisi, na yanathibitisha kwamba mtumishi anaweza kupata zaidi bila barema kuguswa. Mahali pasipo na benki, hata hivyo, walimu walitembea siku nzima kufuata malipo, na nauli ikawa makato mapya.

Orodha ilikuwa ngumu zaidi. Utumishi wa Kongo una makundi mawili yanayojulikana kwa kila mwalimu: wale walioajiriwa na kupewa namba lakini hawajaanza kulipwa, na wale ambao hata namba hawana, wote wakifundisha kila siku. Upande wa pili kuna majina yanayolipwa bila watu. Mwaka 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulitangaza kwamba katika faili la mishahara kulikuwa na watu zaidi ya 145,000 wenye namba zisizo sahihi au za kubuni, na wengine zaidi ya 53,000 waliotumia namba moja na wenzao. Kwa hiyo faranga zilizotengwa kwa barema zilikuwa zikilipwa, ila kwa wasiofanya kazi.

Kisha kuna primi. Mshahara wa msingi unafanana kwa wenye cheo kimoja nchi nzima, lakini primi hutegemea wizara, na idara za mapato kama DGI, DGDA na DGRAD zinaruhusiwa kubakiza sehemu ya makusanyo kwa ajili ya watumishi wao. Mtumishi wa forodha kule Kasumbalesa na mtumishi wa kilimo mwenye elimu na miaka ileile ya kazi wanaishi katika nchi mbili tofauti. Sheria mpya ya utumishi, namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, iliifuta ile ya 1981 na kuvipanga upya vyeo, bila kuigusa tofauti hiyo kwa undani. Uwiano wa moja kwa kumi wa Mbudi ulibaki ukweli wa mshahara wa msingi tu, wakati mapato halisi yalifuata ukaribu wa mtu na pesa inayokusanywa.

2019–2025: Kuwarudishia wazazi mzigo wao

Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi, elimu ya msingi ya umma ilitangazwa kuwa bure. Kwa historia ya mishahara hili lilikuwa tukio kubwa kuliko barema yoyote, kwa kuwa lilijaribu kuigeuza njia iliyofuatwa tangu miaka ya 1990: gharama ya mwalimu itoke tena kwa mzazi iende hazina. Matokeo yaligawanyika kijiografia. Mwalimu wa kijijini, ambaye wazazi wa wanafunzi wake walikuwa hawana cha kumpa, alinufaika na nyongeza ya serikali. Mwalimu wa mjini, hasa katika shule za Kikatoliki zenye sifa ambako primi ya wazazi ilikuwa kubwa kuliko mshahara wa Leta, alipungukiwa. Katika komini za Lubumbashi, madarasa yalijaa watoto ambao hapo awali walikaa nyumbani kwa kukosa ada, na walimu waliowafundisha walikuwa na kipato kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa dola milioni 800 mwaka 2020 kuusaidia mpango huo. Mwaka 2021 migomo ilifuatwa na mapatano ya Bibwa kati ya serikali na walimu, na sendika zikaendelea kulalamika kwamba yanatekelezwa nusunusu.

Vita vya mashariki vimeongeza shinikizo jingine. Machi 2025, baada ya Goma na Bukavu kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, Rais alitangaza kwamba mishahara ya askari na polisi itaongezwa mara mbili. Mantiki yake inaeleweka kwa anayekumbuka Julai 1960: jeshi lisilolipwa vizuri ni hatari kuliko adui. Lakini upande wa pili wa Julai 1960 nao haufai kusahauliwa. Kundi moja linapoongezewa kwa sababu ya nguvu yake, makundi mengine hujifunza kwamba hoja haisikilizwi, nguvu ndiyo husikilizwa, na barema hugeuka kuwa rekodi ya nani alitisha lini.

Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza ni kwamba nchi ni maskini na wafanyakazi wa sekta binafsi hawalipwi vizuri zaidi. Kima cha chini kilichowekwa mwaka 2018 kilikuwa faranga 7,075 kwa siku, na vibarua wengi wa Quartier Industriel hawakukipata hata hicho. Kwa nini basi mtumishi wa Leta apendelewe? Jibu limo katika tofauti ya kazi zao. Kibarua anayelipwa vibaya huumia yeye na familia yake. Mwalimu, muuguzi, polisi na karani wa ardhi anayelipwa vibaya ana kitu cha kuuza ambacho si chake: alama za mtihani, zamu ya kumwona daktari, uhuru wa dereva, hati ya kiwanja. Raia hulipa mshahara huo kwa vyovyote. Akilipa kupitia kodi, analipa kwa risiti na kwa kadiri ya uwezo wake, na akilipa dirishani, maskini hulipa sawa na tajiri na hana pa kulalamika. Kwa hiyo anayesema nchi haiwezi kulipa anazungumzia hazina peke yake, wakati nchi imekuwa ikilipa kwa miaka thelathini.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: orodha isafishwe kwanza, ndipo mishahara ipandishwe, la sivyo nyongeza itawanufaisha wasiokuwepo. Kimsingi ni kweli, na takwimu za IGF zinaliunga mkono. Ila limetumika kama sababu ya kusubiri tangu SECOPE ilipoundwa. Kila sensa ya watumishi imefuatwa na sensa nyingine, na anayeshika orodha ndiye mwenye faida ya kutoimaliza. Usafishaji na nyongeza vinapaswa kwenda pamoja, kwa kanuni iliyo wazi: kila faranga inayookolewa kwa kufuta jina la kubuni ipelekwe kwa mwalimu anayefundisha bila kulipwa katika wilaya hiyohiyo, na taarifa ibandikwe mlangoni mwa shule na ofisi ya komini. Hapo wenye haki watakuwa na sababu ya kuilinda orodha kuliko mkaguzi yeyote kutoka Kinshasa.

Historia hii inatoa basi kipimo cha kuyahukumu marekebisho yajayo, ambayo hayatakosa kuja. Swali la kwanza kuhusu barema mpya lisiwe tarishi ataandikiwa kiasi gani. Tuulize kwanza kodi au madini gani yatakayolipia, mshahara utafanywa nini faranga ikiteleza, primi za wizara zitaingizwa ndani ya jedwali au zitabaki nje, na mzazi ataondolewa malipo gani siku ileile nyongeza inapoanza. Barema ya 1959 ilishindwa mlangoni kabla ya kuyafikia maswali haya; ya miaka ya 1960 ingeshindwa swali la mapato, ya Mbudi maswali yote isipokuwa lile la thamani ya pesa, na hata hilo ililijibu kwa maandishi tu. Ile itakayoyajibu yote manne kwa tarakimu zilizochapishwa inaweza kuwa ndogo kuliko dola 208 na bado ikamfaa mwalimu wa Kampemba kuliko ahadi zote alizopewa, kwa sababu itakuwa ya kwanza tangu 1967 kuandikwa na mtu aliyekusudia kuilipa.